Woga wa Usukani: Jinsi Dereva Mpya Anavyoweza Kuushinda

Safari hii hatuzungumzii malaria wala lishe. Tunazungumzia jambo ambalo vijana wengi huliona ni aibu kulisema: woga wa kuendesha gari.

Huenda unajiuliza, "Mimi bado niko kidato cha tatu, gari lenyewe sina, somo hili linanihusu nini?" Linakuhusu sana. Kisheria hapa Tanzania huwezi kupata leseni ya gari kabla hujatimiza miaka 18. Lakini miaka hiyo si mbali. Wengi hujifunza udereva pale wanapomaliza kidato cha nne au cha sita na kukaa nyumbani kusubiri matokeo. Wengine hujifunza ili wapate kazi. Na hata leo wewe ni abiria na mtembea kwa miguu. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2023 likasema kuwa ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani katika mwaka 2021, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Kwa hiyo hili ni suala la afya kama yalivyo mengine.

Tuchukue mfano wa Mlowo, wilayani Mbozi, mkoa wa Songwe. Mji huu umekaa juu ya barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Zambia. Malori yanayopeleka mizigo Zambia na Kongo kupitia mpaka wa Tunduma hupita hapo mchana na usiku. Hapo hapo kuna njia panda ya kwenda Kamsamba. Kuna bodaboda, bajaji, mikokoteni, akina mama wenye ndizi na nyanya, na wanafunzi wanaovuka barabara kwenda shule. Sasa jiweke katikati ya hayo yote ukiwa na alama ya "L" mbele na nyuma ya gari, na mwalimu pembeni. Nani asiyetetemeka?

WOGA NI NINI HASA?

Unapoona hatari, ubongo hutuma habari haraka kwenye tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Tezi hizo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unaenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, misuli inakaza, viganja vinatoa jasho, mdomo unakauka. Mwili unajiandaa kufanya moja kati ya mawili: kupigana au kukimbia.

Mpango huo ni mzuri ukikutana na nyoka shambani. Ndani ya gari una matatizo yake. Mguu uliokaza hauwezi kuachia klachi taratibu, ndiyo maana gari linaruka na kuzima. Mikono iliyokaza inavuta usukani kwa mishtuko. Macho ya mtu mwenye hofu hung'ang'ania kitu kimoja tu, mara nyingi kile kile anachokiogopa, na kusahau vioo vya pembeni. Kwa hiyo dereva mpya anayefanya makosa si lazima awe hana akili au hana kipaji. Mara nyingi ni mwili wake umejiandaa kwa kazi nyingine.

Lijue hili vizuri: kutetemeka si ugonjwa, wala si dalili kwamba umerogwa. Ni Baiolojia ile ile unayosoma darasani.

JE, WOGA WOTE NI MBAYA?

Hapana. Mwaka 1908 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, walifanya majaribio kwa kutumia panya. Panya walipewa mshtuko mdogo wa umeme kila walipokosea njia. Kazi ilipokuwa ngumu, panya waliopewa mshtuko wa wastani walijifunza vizuri kuliko waliopewa mdogo sana au mkubwa sana. Tangu wakati huo wataalamu husema kwamba mtu anayefanya kazi ngumu huhitaji msisimko wa kiasi. Ukikosekana kabisa anazembea, ukizidi anachanganyikiwa.

Dereva asiyeogopa chochote ni hatari. Ndiye anayelipita lori kwenye kona. Na dereva anayeogopa kila kitu naye ni hatari, kwa sababu anaweza kukanyaga breki ghafla katikati ya lami bila sababu. Tunachotafuta ni kuupunguza woga mpaka ubaki tahadhari. Wazee walisema, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Kicheko hicho tutakirudia baadaye, maana ndipo penye kiini cha somo hili.

SUNGURA WA PETER

Mwaka 1924 mtaalamu mmoja mwanamke wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika habari za mtoto mmoja aliyeitwa Peter, mwenye umri wa kama miaka mitatu. Peter alimwogopa sana sungura. Mama huyo hakumlazimisha kumshika, wala hakumcheka. Alimweka sungura kwenye kizimba mbali, huku Peter akila chakula anachokipenda. Siku nyingine sungura akasogezwa karibu kidogo. Kisha karibu zaidi. Mwishowe Peter akamshika sungura kwa mikono yake.

Baadaye, katika miaka ya 1950, daktari mmoja mzaliwa wa Afrika Kusini, Joseph Wolpe, aliiendeleza njia hiyo kwa watu wazima. Aliwafundisha kwanza kuulegeza mwili, kisha kulikabili jambo wanaloliogopa ngazi kwa ngazi, wakianzia lile dogo kabisa. Mpaka leo hiyo ni moja ya njia zinazotumika sana kutibu hofu.

Wewe nawe mfanye lori kuwa sungura. Usianze naye mlangoni.

NGAZI YA MAZOEZI

Ufuatao ni mpango ambao kijana wa Mlowo au wa mahali pengine popote anaweza kuufuata akiwa na leseni ya kujifunzia na mwalimu wa chuo cha udereva pembeni yake.

1. Gari limesimama, injini imezimwa. Rekebisha kiti na vioo. Funga mkanda. Gusa klachi, breki na mafuta mpaka mguu ujue njia bila macho kutazama chini. Badilisha gia mara ishirini. Hapa hakuna wa kukupigia honi.

2. Uwanja mpana usio na watoto. Ondoka, simama, ondoka, simama. Tafuta pale klachi "inaposhika". Dereva wengi wapya wanaogopa gari kuzima. Basi lizimishe kwa makusudi mara kadhaa, uone kwamba hakuna aliyekufa.

3. Barabara ya vumbi iliyo tulivu. Hapa jifunze kutazama mbali. Anayetazama boneti huyumba; anayetazama mbele mbali, mikono yake inamfuata yenyewe.

4. Mitaa ya mji. Matuta, bodaboda, watu, kuku. Mwendo mdogo, breki tayari.

5. Lami, saa ambazo magari ni machache. Safari fupi tu, kwa mfano kutoka Mlowo kuelekea Vwawa na kurudi. Kaa kushoto, usimpite mtu.

6. Njia panda na malori. Ingia na kutoka mara nyingi mpaka uchoke nayo. Ukichoka nayo, ujue woga umekwisha.

7. Mvua, ukungu, usiku na miteremko. Mbozi ni nyanda za juu. Tangu Novemba hadi Aprili mvua ni nyingi na asubuhi ukungu hushuka mpaka barabarani. Ngazi hii uipande mwisho, na mara ya kwanza uwe na mwalimu.

Kuna masharti mawili. La kwanza: usipande ngazi nyingine kabla ile uliyopo haijawa ya kawaida. La pili: usiache zoezi wakati hofu iko juu kabisa. Ukikimbia hapo, ubongo unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa, na kesho hofu itakuwa kubwa zaidi. Pumzika pembeni, tulia, rudia jambo jepesi ulilokwisha kuliweza, kisha ndipo umalize.

PUMZI: DAWA ISIYOUZWA

Huwezi kuuamuru moyo upunguze mwendo. Lakini pumzi unaweza kuiamuru, na moyo huifuata. Kabla ya kuwasha gari fanya hivi:

Vuta pumzi kwa pua ukihesabu moja mpaka nne. Itoe taratibu ukihesabu moja mpaka sita. Rudia mara tano. Shusha mabega. Legeza taya. Shika usukani kama unavyoshika yai: lisidondoke, na lisipasuke.

Kisha jisemeshe maneno mafupi ya kazi. Usiseme, "Nisije nikagonga." Sema, "Kioo, indiketa, kioo, ondoka." Ubongo wenye kazi hauna nafasi kubwa ya hofu.

GARI LIKIZIMA NJIA PANDA

Hili ndilo linalowatisha wengi. Uko njia panda ya Kamsamba unataka kuingia lami, klachi inakuponyoka, gari kimya. Nyuma yako lori linapiga honi. Bodaboda wanapiga kelele. Mwenye duka anacheka. Ufanyeje?

Kwanza, kanyaga breki na uvute breki ya mkono. Gari halitarudi nyuma sasa. Pili, washa taa za tahadhari, zile nne zinazowaka pamoja. Tatu, weka gia huru. Nne, pumua mara moja ya nguvu. Tano, washa injini, ingiza gia namba moja. Sita, tazama kulia, kushoto, na kulia tena. Njia ikiwa wazi ndipo uinue klachi mpaka ishike, uachie breki ya mkono na uondoke. Kama haiko wazi, subiri.

Yote hayo huchukua chini ya nusu dakika. Honi ni sauti tu. Haivunji mfupa. Kinachovunja mfupa ni wewe kuruka barabarani bila kutazama ili honi inyamaze.

SOMO LA FIZIKIA

Woga wa kweli huondolewa na maarifa, kwa hiyo chukua kalamu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kwenye makazi ya watu, husafiri karibu mita 14 kwa kila sekunde. Kwa kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kwa sekunde. Mtu huhitaji kama sekunde moja kuona hatari na mguu kufika kwenye breki. Maana yake ni kwamba ukiwa na mwendo wa 80, umekwisha kupita mita 22 kabla breki haijaanza hata kushika!

Tena nguvu inayobebwa na gari haiongezeki sawa na mwendo, huongezeka kwa mraba wake. Ukitoka 40 kwenda 80, mwendo umekuwa mara mbili lakini nguvu ya kuizuia ni mara nne. Sasa fikiria lori lenye mzigo, ambalo uzito wake unaruhusiwa kufika hadi tani 56. Dereva wake hawezi kusimama ghafla hata akitaka.

Kutokana na hesabu hiyo unapata kanuni mbili. Moja, acha nafasi. Chagua mti au nguzo. Gari la mbele likiupita mti huo, wewe ufike hapo baada ya sekunde mbili au zaidi, na mvua ikinyesha ziwe nne. Pili, kwenye mteremko shuka kwa gia ndogo, injini ikusaidie kulizuia gari. Usiweke gia huru eti kubana mafuta. Breki zikipata moto sana hushindwa kushika, na hapo hata dereva mzoefu hana la kufanya.

Umeona? Aliyejua hesabu hii haogopi lori ovyo. Anaogopa kulikaribia, na huo ndio woga wenye faida.

NJIA ZA MKATO ZENYE SUMU

Kuna marafiki watakaokuambia, "Piga bia moja tu ya kuondoa aibu." Usikubali. Pombe haiondoi hatari, inaondoa uwezo wako wa kuiona. Inachelewesha mguu na inadanganya macho kuhusu umbali. Ile sekunde moja tuliyoihesabu inaongezeka, na mita zinaongezeka nayo.

Bangi nayo ni hivyo hivyo. Vidonge vya kutuliza au vya usingizi usivimeze kienyeji ili "kutuliza neva" kabla ya mtihani wa trafiki. Hata Piriton, ambayo watu wengi humeza kwa mafua au kuwashwa, huleta usingizi. Ukiwa unatumia dawa yoyote, muulize mfamasia au daktari kama unaweza kuendesha.

Na kwenu watu wa Mbozi, wakulima wa kahawa: kahawa ni tamu na inaleta fedha, lakini vikombe vitatu vikali kabla ya somo huupeleka moyo mbio na kutetemesha mikono. Utadhani ni woga kumbe ni kahawa. Kunywa maji, kula chakula cha kawaida, lala usiku wa kutosha.

WOGA WA KUCHEKWA

Sasa tuje kwenye kiini. Ukimuuliza dereva mpya anaogopa nini, atakwambia ajali. Lakini mtazame anavyofanya. Akipigiwa honi anaongeza mwendo asiouweza. Abiria wakimwambia, "Pita bwana, unaogopa nini?" anatoka kwenda kulipita lori wakati hajaona mbele. Huyo haogopi ajali. Anaogopa kuchekwa. Kati ya hofu hizo mbili amechagua ile isiyoua na kuikimbilia ile inayoua.

Kwa hiyo jizoeze kuchekwa. Jiambie mapema kabisa, kabla ya kuwasha gari: "Leo huenda nikachekwa, na nitafika." Ukiona umefuatwa na msururu wa magari, washa indiketa ya kushoto, tafuta mahali salama, simama, wapite. Hakuna aliyewahi kufungwa kwa kupisha.

Wasichana hupata sehemu kubwa zaidi ya kicheko hiki. Gari la mvulana likizima watu wanasema, "Anajifunza." La msichana likizima wanasema, "Wanawake bwana!" Dada msomaji, adrenalini haijui huyu wa kike au wa kiume. Kosa ni lile lile na dawa ni ile ile: mazoezi. Usikubali mtu akuondoe kwenye usukani kwa neno.

Nawe abiria una wajibu wako. Usimzomee dereva mgeni, usimpigie kelele "angalia! angalia!", usimharakishe. Ukiwa kwenye bodaboda au Noah inayokimbia mno, sema kwa adabu: "Kaka, naomba upunguze mwendo, sina haraka." Asiposikia, shuka. Nauli iliyopotea hupatikana tena. Na kwenye pikipiki vaa kofia ngumu na uifunge kidevuni. Kwenye gari funga mkanda, hata ukikaa nyuma.

NI LINI UTAFUTE MSAADA?

Woga wa kawaida hupungua kadiri siku za mazoezi zinavyoongezeka. Nenda kituo cha afya, au zungumza na mwalimu wa ushauri nasaha, ikiwa:

- Umejaribu ngazi kwa ngazi kwa wiki nyingi na hofu haipungui hata kidogo.
- Kifua kinabana na unahisi utakufa, hata ukilifikiria gari tu.
- Uliwahi kupata ajali au kuishuhudia, na sasa umepita mwezi lakini bado inakujia ndotoni, unashtuka kwa honi, au unazikwepa barabara zote.

Hali hizi zinajulikana na zinatibika. Kwenye barabara kama hii yetu wapo vijana wengi waliowahi kuona ajali kwa macho yao. Kunyamaza si ushujaa. Kuuliza si ujinga.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Eleza mabadiliko matatu yanayotokea mwilini mtu anapoogopa. Kila moja linaathiri vipi uendeshaji?
2. Gari linakwenda kilomita 72 kwa saa. Linasafiri mita ngapi kwa sekunde moja? Je, kwa sekunde mbili? (Majibu: mita 20, mita 40.)
3. Chagua jambo unaloliogopa lisilo la gari, kama vile kusema mbele ya darasa. Liandikie ngazi saba, kuanzia jepesi kabisa.
4. Rafiki yako mwenye miaka 16 anataka kuchukua gari la mjomba wake jioni, bila leseni, "kufanya mazoezi kidogo". Anasema ukikataa kwenda naye wewe ni mwoga. Utamjibu nini? Igizeni wawili wawili mbele ya wenzenu, halafu mbadilishane nafasi.